Cheti cha fikra za usanifu kwa meneja wa ubunifu: mwongozo kamili kwa tulio Nyanda za Juu Kusini

Cheti changu cha kwanza cha fikra za usanifu, yaani mbinu ya kutatua tatizo kwa kuanza na kumsikiliza mtu linayemhusu, nilikipata kwa wikiendi mbili, nimekaa sebuleni kwangu Mbeya. Nilitazama video, nikajibu maswali ya kuchagua, na kwenye kazi ya vitendo nikatunga mfano wa mgahawa ambao haukuwahi kuwepo. Alama zilikuwa nzuri. Miezi michache baadaye, kwenye usaili wa kazi, mzee mmoja wa jopo aliishika ile karatasi akaniuliza: "Kijana, hapa wanasema unajua kumsikiliza mteja. Ni mteja gani ulimsikiliza, na ulibadilisha nini baada ya kumsikiliza?" Sikuwa na jibu, na kazi sikuipata.

Nilirudia safari yote upya, safari hii kwa kuanzia mwisho: tatizo kwanza, cheti baadaye. Utaratibu huo ndio ninaouandika hapa, kwa ajili ya yeyote aliyepewa jukumu la ubunifu kwenye AMCOS (ushirika wa mazao), SACCOS (ushirika wa kuweka na kukopa), kiwanda cha kusindika, chuo au halmashauri, kuanzia Iringa na Mafinga, Makambako na Njombe, mpaka Mbeya, Tukuyu na Tunduma. Ukiufuata kwa mwendo wa mtu mwenye kazi na familia, utakuchukua kama miezi minne.

Hatua ya 1: Jua ni karatasi gani unayoilipia

Mhasibu akisema ana CPA, hakuna anayeuliza ameipata wapi. Ipo bodi ya wahasibu, NBAA. Mhandisi ana bodi yake, ERB, na mtu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB. Fikra za usanifu hazina bodi ya namna hiyo, si Tanzania tu bali duniani kote. Hakuna chombo kimoja chenye mamlaka ya kusema huyu amefuzu na yule hajafuzu. Kila chuo, kampuni na taasisi hutoa cheti chake, na thamani yake inategemea jina la mtoaji na kazi uliyoifanya ili kukipata. Anayekuuzia kozi kwa kukwambia ni "cheti pekee kinachotambulika kimataifa" anakudanganya. Mwache.

Karatasi zenyewe ziko za aina tatu. Ipo ya kuhudhuria: umekaa semina siku mbili, umekula chakula cha mchana, umepewa cheti. Ipo ya kuhitimu kozi: umefanya majaribio na kazi za vitendo, na mtu fulani amezisahihisha. Na upo uthibitisho wa umahiri wenyewe, ambao hukutaka uonyeshe uzoefu, ufanye mtihani, kisha uuhuishe kila baada ya muda. Mfano mzuri wa aina hii ya tatu ni PMP ya wasimamizi wa miradi, ambayo huhuishwa kila miaka 3 kwa pointi 60 za kujiendeleza. Vyeti vingi vya fikra za usanifu ni vya aina ya pili, hata pale tangazo linapotumia maneno ya aina ya tatu. Si vibaya, mradi ujue.

Jambo lingine ambalo wengi hulichanganya ni viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango. Kipo ISO 56002 cha mwaka 2019, chenye mwongozo wa mfumo wa kusimamia ubunifu, na mwaka 2024 kikaja ISO 56001 chenye masharti ambayo taasisi inaweza kukaguliwa nayo. Kinachothibitishwa hapo ni taasisi, wewe mtu mmoja haumo. Ukiwa meneja ni vizuri uvifahamu, kwa sababu mkurugenzi akisikia neno "cheti cha ubunifu" anaweza kuwa anafikiria hicho huku wewe ukifikiria kozi. Vilevile cheti cha kozi fupi si stashahada wala shahada, kwa hiyo usikipange kwenye faili lako kana kwamba TCU, tume ya vyuo vikuu, itakihesabu kuwa tuzo ya chuo kikuu.

Hatua ya 2: Tafuta tatizo kabla ya kutafuta kozi

Hapa ndipo wengi wetu tunapogeuza mambo. Tunajisajili, tunafika moduli ya pili, tunaambiwa "chagua changamoto", na kwa kuwa muda unakimbia tunachagua ya kubuni. Mimi nilifanya hivyohivyo.

Chukua daftari, zunguka kazini kwako wiki mbili. Andika kila mahali unapoona mtu anahangaika, anarudia kazi, anakasirika au anaacha. Usiandike suluhisho hata moja. Mwisho wa wiki ya pili, chagua tatizo lenye sifa hizi: wahusika wake unaweza kuwafikia kwa daladala au bodaboda bila kuomba kibali cha safari, kitu kidogo kinaweza kujaribiwa ndani ya mwezi, na mkubwa wako analijali kiasi cha kukupa siku chache za kwenda kulichungulia.

Nitoe mfano wa tatizo ambalo usilichague: lumbesa. Kila aliyekaa Njombe, Uporoto au Mbeya mjini ameona gunia la viazi lililoshonewa kichwa juu ya kichwa, ilhali kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Inauma, na ni kweli mkulima anaumia. Lakini ndani yake wamo mkulima, dalali, mpakiaji, mwenye lori, mnunuzi wa mjini, mizani, ushuru wa halmashauri na deni la mbolea la msimu uliopita. Mwaka 1973 wasomi wawili, Horst Rittel na Melvin Webber, waliandika juu ya matatizo ya namna hii, ambayo kila ukiligusa upande mmoja linatokeza upande mwingine, na hata kulieleza tu ni ugomvi. Huwezi kulimaliza kwenye mradi wa kozi. Unachoweza ni kukata kipande chake: kwa mfano, mkulima wa kijiji kimoja anajuaje bei ya siku ile kabla dalali hajafika shambani? Hicho kinabebeka.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye kampuni ya kukusanya na kusindika maziwa, na kipande changu kilikuwa maziwa yanayokataliwa asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia huko Rungwe. Nitakirudia hapa chini, kwa sababu ndicho kilichonifundisha.

Hatua ya 3: Chagua kozi inayokulazimisha kutoka nje

Kwanza neno moja kuhusu mbinu yenyewe. Fikra za usanifu, au dizaini thinkingi kama tunavyoiita kwenye semina, ni mazoea ya wasanifu wa vitu yaliyohamishiwa kwenye huduma, biashara na sera. Mizizi yake ni ya zamani. Msomi wa Marekani Herbert Simon alikuwa akiandika juu ya sayansi ya usanifu tangu 1969, kampuni ya usanifu ya IDEO iliundwa California mwaka 1991 na kuifanya kuwa kazi ya kila siku, na shule ya usanifu ya Stanford inayoitwa d.school ikaieneza kwa hatua tano tunazozikariri: kumwelewa mtu, kufafanua tatizo, kuzalisha mawazo, kutengeneza sampuli, kujaribu. Waingereza wa Design Council, baraza lao la usanifu, wana mchoro wao wa Almasi Mbili: unapanua, unabana, unapanua tena, unabana tena. Ni dawa moja kwenye chupa tofauti.

Sasa kozi. Mtu anayeanza bila pesa namshauri aanzie kwenye kozi ya utangulizi ambayo Acumen Academy iliiandaa pamoja na IDEO.org, asasi isiyo ya faida iliyotokana na IDEO. Ilibuniwa kwa ajili ya vikundi vinavyofanya kazi kwenye jamii, na kazi zake zinakutaka uende kuongea na watu. Cheti chake ni cha kawaida, lakini miguu itachoka, na hiyo ndiyo faida.

Anayetaka jina la chuo kikuu kwenye cheti kwa gharama inayovumilika aangalie Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, kwenye kozi ya Chuo Kikuu cha Virginia inayofundishwa na Jeanne Liedtka. Yeye hatumii hatua tano. Ana maswali manne: hali ikoje sasa, ingekuwaje kama, nini kinavutia, nini kinafanya kazi. Kwa meneja nayapenda kuliko zile hatua tano, maana swali la tatu na la nne ndiyo lugha ya mkurugenzi na mhasibu. Coursera ina utaratibu wa kuomba msaada wa ada. Unaandika maelezo kuhusu kipato chako na sababu ya kusoma. Yaandike kwa ukweli, na uombe mapema, kwa sababu jibu halitoki siku hiyohiyo.

Walio na bajeti ya ofisi wanaweza kutazama IDEO U, shule ya mtandaoni ya IDEO, au programu za miezi kadhaa za MIT Sloan, ambazo ada yake ni maelfu ya dola. Karibu nasi kidogo, Chuo Kikuu cha Cape Town kina shule ya fikra za usanifu yenye jina la Hasso Plattner, ndugu ya ile ya Potsdam, Ujerumani. Kama mwajiri analipa na unaweza kusafiri, kusoma na Waafrika wenzako wenye matatizo yanayofanana na yako kuna uzito wake.

Kabla ya kulipa popote, soma mtaala mzima na utafute majibu ya mambo manne. Je, ninalazimika kuongea na watu halisi? Nani atasahihisha kazi yangu, mwalimu, mwanafunzi mwenzangu au kompyuta? Cheti kina kiungo ambacho mwajiri anaweza kukihakiki? Je, kozi ina sehemu ya kusimamia ubunifu ndani ya taasisi, yaani bajeti, upinzani na vipimo vya mafanikio, au inaishia kwenye kubandika vikaratasi ukutani? Wewe ni meneja. Vikaratasi vya ukutani peke yake havikutoshi.

Hatua ya 4: Muda, bando na barua kwa bosi

Tenga saa tano kwa wiki: mbili za masomo, tatu za uwandani. Video zipakue usiku kwa bando la usiku au kwenye intaneti ya ofisi, uzitazame bila mtandao, kwa sababu mvua za Machi umeme ukikata Tukuyu haukuulizi kama una jaribio. Kozi zenye vipindi vya moja kwa moja zitazame saa zake: saa 6 mchana ya New York kwako ni saa 1 usiku au saa 2 usiku, kutegemea majira yao. Malipo ya nje hufanyika kwa kadi ya benki iliyoruhusiwa kununua mtandaoni, au kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kwenye akaunti ya pesa za simu. Jaribu kwanza kwa kiasi kidogo.

Barua kwa mkuu wako iwe ya ukurasa mmoja. Usimwombe "kusomeshwa". Mweleze tatizo, mwambie kwa sasa linagharimu nini, omba siku sita za uwandani ndani ya miezi mitatu, na umwahidi ripoti ya kurasa mbili yenye jaribio moja lililofanyika. Mimi ndivyo nilivyopata siku zangu, wakati kwenye bajeti hakukuwa na shilingi ya mafunzo.

Hatua ya 5: Uwandani

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Kozi nyingi huipa wiki moja. Wewe ipe wiki nne.

Ofisini kwetu tatizo lilikuwa limeshaandikwa: "Wafugaji hawana elimu ya usafi, maziwa yao yanakataliwa." Suluhisho nalo lilikuwepo tayari, programu ya simu ya kuwatumia wafugaji ujumbe wa kuwakumbusha kuosha vyombo. Watu wa kompyuta walikuwa wanasubiri niseme neno. Nikaomba wiki mbili kwanza.

Siku ya kwanza nilikwenda na dodoso lenye maswali 24. Nilirudi na majibu 24 ya heshima na sikujua kitu. Mtu akija na karatasi, kofia ya kampuni na pikipiki ya kampuni, anajibiwa anachotaka kusikia, hasa kama kampuni ndiyo inayonunua maziwa yake. Siku ya pili niliacha dodoso. Nilifika saa 10 alasiri kwa mama mmoja kijiji cha juu ya Kiwira, nikamwamkia, nikaomba nikae mpaka akamue. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Unapokwenda kuketi na mtu, zingatia mila ya mahali. Huku kwetu huwezi kuvuka uani na kuanza na swali. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Kwa Wanyakyusa "ugonile" ya asubuhi inafungua mlango, na kwa Wahehe na Wabena "kamwene" inafanya kazi hiyohiyo. Usimwite mtu "mtumiaji" mbele yake. Ni mama, baba, bibi, dada. Ukikaribishwa chai na ndizi, kunywa. Pale mezani ndipo nilipoambiwa mengi ambayo uani hayakusemwa.

Maswali yawe ya tukio, yasiwe ya maoni. "Unaonaje huduma yetu?" halina faida. Sema: "Mama, nisimulie mara ya mwisho maziwa yaliporudishwa. Ilikuwa siku gani? Uliyabeba kwenye chombo gani? Uliporudi nayo ulifanyaje?" Kisha nyamaza. Wengi wetu tunaohoji hatuwezi kunyamaza, tunamalizia sentensi za wenzetu. Hesabu mpaka tano moyoni kabla ya kuuliza tena. Na omba kuonyeshwa: "Nionyeshe unavyoliosha dumu."

Aliponionyesha, nilielewa. Dumu lake lilikuwa la lita tano la mafuta ya kula, lenye mdomo ambao mkono hauingii. Alitia maji ya moto na changarawe ndogo, akalitikisa kwa nguvu muda mrefu, akasuuza, akarudia. Alikuwa anaosha kuliko mimi ninavyoosha sufuria zangu. Lakini chini ya mpini kulikuwa na kona ambayo changarawe haifiki. Maziwa ya jioni alikamua saa 11, na kituo chetu kilifunguliwa mara moja tu kwa siku, saa 1 asubuhi. Kwa hiyo maziwa yalilala saa 14 ndani ya plastiki ile, kisha aliyachanganya na ya asubuhi, na kituoni kipimo cha alkoholi, kinachobaini maziwa yaliyoanza kuchacha, kikayagandisha yote. Laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa, ilisoma vizuri kabisa, kati ya 28 na 32, maana yake hakutia maji hata tone. Alikuwa anaadhibiwa kwa ratiba yetu.

Nilitembelea kaya nyingine nane. Hadithi zilitofautiana lakini dumu na saa zilijirudia. Usiishie kwa mtu mmoja hata kama amekuvutia sana, na tafuta pia asiyefanana na wengine. Mzee mmoja maziwa yake hayakuwahi kukataliwa. Alikuwa na kopo la alumini alilorithi, la mdomo mpana, na usiku alilitumbukiza kwenye mfereji wa maji baridi uliopita nyuma ya nyumba. Hakufundishwa na mtu. Watu kama huyu wana jibu tayari, na kama hungeuliza wangeendelea nalo kimya.

Kuhusu picha na sauti: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Omba ridhaa kwa lugha anayoielewa mtu, mweleze picha itakwenda wapi, na ukubali akikataa. Kwenye kazi ya kozi usiandike jina lake wala namba yake ya simu. Kazi yako itasomwa na wanafunzi wa nchi nyingine, na yeye hakukubaliana nao.

Hatua ya 6: Kufafanua tatizo upya

Rudi, mwaga kila ulichoona kwenye bango kitita, kisha jaribu kuandika sentensi moja yenye mtu, haja yake, na jambo ulilogundua. Yangu ilikuwa hivi: mfugaji wa ng'ombe wawili aliye mbali na kituo anahitaji maziwa ya jioni yafike asubuhi yakiwa salama, kwa sababu chombo alichonacho hakisafishiki na sisi hatuyapokei jioni. Linganisha na ile ya ofisini. Ile ya ofisini ilimlaumu yeye, na hii imetuhusisha sisi.

Kisha igeuze kuwa swali la "Tunawezaje…?" Liwe na upana wa kubeba majibu mengi, lakini lisiwe pana kiasi cha kupotea. "Tunawezaje kuinua sekta ya maziwa?" ni la hotuba. "Tunawezaje kugawa makopo ya alumini?" tayari ni jibu. Mimi nilibaki na: "Tunawezaje kuyavusha maziwa ya jioni mpaka asubuhi bila kumwongezea mfugaji safari?"

Msahihishaji wa kozi yoyote nzuri atakubana hapa kuliko mahali pengine. Kama sentensi yako ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajaenda uwandani, ifute.

Hatua ya 7: Mawazo, haraka

Hapa sina mengi. Kusanya watu sita, wawe mchanganyiko: dereva wa pikipiki ya maziwa, mpokeaji wa kituoni, mhasibu, mfugaji mmoja au wawili. Kila mmoja akunje karatasi mara tatu apate vyumba 8, achore mawazo 8 kwa dakika 8. Bosi asiongee wa kwanza. Kwetu akiongea mkubwa, mjadala umekwisha, kwa hiyo mwombe kabla ya kikao awe wa mwisho, na kura zipigwe kwa kuweka punje za maharage juu ya mchoro, si kwa kunyoosha mkono. Yachuje kwa maswali matatu: watu wanalitaka, tunaweza kulifanya, litajilipa.

Hatua ya 8: Sampuli na jaribio

Sampuli si bidhaa. Ni njia ya bei rahisi ya kujua kama umekosea. Sisi tulikuwa na tatu. Ya kwanza, makopo ya mdomo mpana tuliyoazima, kaya tano, wiki moja. Ya pili, beseni la maji baridi la kulaza dumu lilelile la zamani. Ya tatu, bodaboda mmoja akizunguka saa 12 jioni kwenye njia moja tu kukusanya maziwa, tukijifanya tuna huduma ya jioni, ilhali ilikuwa ni yeye, mimi na daftari.

Beseni lilishindwa siku ya pili. Ndoo za maji zilibebwa na watoto kutoka mtoni, na hakuna mama aliyekuwa tayari kuwaongezea safari nyingine jioni kwa ajili ya maziwa ya kampuni. Ukweli huo nisingeupata mezani. Bodaboda wa jioni alifanya kazi vizuri, lakini mhasibu alipopiga hesabu ya mafuta, njia zenye wafugaji wachache zilikula faida yote. Makopo yalipunguza kukataliwa kwa maziwa pale tulipoyajaribu, na hoja ikabaki nani atayalipia. Mwisho tukapendekeza makopo kwa mkopo unaokatwa kidogokidogo kwenye malipo ya maziwa, na mzunguko wa jioni kwenye njia moja tu yenye kaya nyingi. Programu ya simu haikutengenezwa.

Unahitaji watu wangapi kwenye jaribio? Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa matumizi ya vitu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kuonyesha kasoro nyingi za kitu unachokijaribu. Hiyo ni kweli kwa kutafuta kasoro, si kwa kuthibitisha kwamba soko lipo, na ni watano wa kundi linalofanana. Mfugaji wa Rungwe na muuza maziwa wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, ni makundi mawili. Ukiweza, panga jaribio lako liangukie maonyesho ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ambako wakulima na wafugaji wa kanda nzima wanakufuata wenyewe.

Hatua ya 9: Jalada la kazi, kisha mtihani

Andika kila wiki, usisubiri mwisho. Jalada langu lilikuwa na kurasa kumi: tatizo kama lilivyoelezwa ofisini, nilichoona, sentensi mpya ya tatizo, mawazo tuliyoyaacha na sababu zake, sampuli tatu, matokeo pamoja na lililoshindwa, hesabu ya mhasibu, na uamuzi wa uongozi. Usifiche lile beseni. Msahihishaji anayeijua kazi hii atalitafuta, na kama kila kitu kilifaulu mara ya kwanza atajua hukujaribu.

Kwenye kozi zinazosahihishwa na wanafunzi wenzako, mtu wa Brazil au Ufilipino hajui AMCOS ni nini wala kwa nini kituo hufunguliwa mara moja. Mweleze kwa sentensi mbili mwanzoni. Nyingi ya kozi hizi ni za Kiingereza. Fikiri na uandike kwanza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha uliyoongea na wale watu, kisha uhamishe. Mitihani ya kuchagua haina shida kwa aliyepita uwandani. Pitia istilahi jioni moja, inatosha.

Hatua ya 10: Ukishakipata

Kwenye wasifu wako, andika jina la kozi na mtoaji kama lilivyo kwenye cheti, mwaka, kiungo cha kuhakiki, na chini yake mstari mmoja wa mradi. Usijiandike "mtaalamu aliyesajiliwa", kwa sababu hakuna rejista. Kama cheti kina muda wa kuisha, weka tarehe kwenye simu miezi mitatu kabla.

Mradi ukiwa na kitu cha kutengenezwa, peleka wazo SIDO, shirika la viwanda vidogo lenye ofisi Mbeya na Iringa, au ongea na wahandisi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, kuhusu sampuli ya pili. Ukiona limekomaa, fuatilia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Na kabla ya kutuma hata nakala moja ya cheti kwa mtu yeyote, panda gari urudi kijijini. Mimi nilirudi Kiwira na kopo la mdomo mpana mkononi, nikamweleza yule mama tumefikia wapi, njia gani itapata mzunguko wa jioni na kwa nini ya kwake haimo bado. Aliliangalia kopo, akaingiza mkono mpaka chini, akazungusha vidole kwenye kona, kisha akaniuliza makato yatakuwa shilingi ngapi kwa lita. Nilikuwa na jibu, kwa sababu mhasibu alikuwa ameshapiga hesabu.